Mwanazuoni Mgeni na Mashahidi Wake

Msafiri na mwanazuoni Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta desturi ya kupokea wageni iliyowatofautisha wafanyabiashara na wanazuoni. Mfanyabiashara alichukuliwa na mwenyeji wake pale pale chomboni, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mwanazuoni hakushukia kwa mtu kabla ya kuonana na sultani. Kadhi alimlaki Ibn Battuta, akampeleka kwa sultani, na mgeni akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi. Elimu yake ilikuwa hati yake ya kuingilia, na kadhi alikuwa shahidi.

Marekani nayo ina mlango wa wanazuoni, ila shahidi wake ni faili. Sheria ya uhamiaji ya 1990 inamruhusu mwanasayansi mwenye uwezo usio wa kawaida ajiombee mwenyewe ukaazi wa kudumu bila mwajiri. Kama hana tuzo kubwa ya kimataifa, lazima atimize angalau vigezo 3 kati ya 10: machapisho, kuhakiki kazi za wenzake, mchango mpya wenye uzito, na kadhalika. Hata hivyo, tangu hukumu ya mahakama ya 2010 katika shauri la Kazarian, kutimiza vitatu hakutoshi; afisa hurudi kuupima ushahidi wote kwa pamoja. Ipo pia njia ya maslahi ya taifa, iliyowekewa vipimo vipya mwaka 2016 katika shauri la Dhanasar, mtafiti wa injini za vyombo vya kasi kubwa angani. Maswali yake ni matatu: je, kazi ina thamani na umuhimu kwa taifa? Je, mwombaji yuko katika nafasi ya kuiendeleza? Je, Marekani itanufaika ikimwondolea sharti la kuwa na ajira?

Hapo ndipo msaidizi anapohitajika, awe wakili, profesa au ofisi ya chuo. Wengi hudhani kazi yake ni kusifu. La hasha. Afisa anayesoma faili huenda hajui lolote kuhusu vimelea vya malaria wala fizikia ya plazma. Barua inayosema mtafiti ni hodari sana haimsaidii. Inayomsaidia ni ile inayoeleza tatizo lilikuwaje kabla ya utafiti, nini kilibadilika baadaye, na nani sasa anatumia matokeo. Ina nguvu zaidi ikiandikwa na mtaalamu ambaye hajawahi kufanya kazi na mwombaji, aliyemjua kwa kusoma makala zake tu. Sifa za msimamizi wake wa shahada ni za mtu wa nyumbani.

Uingereza imechagua njia nyingine. Viza yake ya Global Talent, iliyoanza Februari 2020, huwapa wataalamu wenyewe nafasi ya kutoa hukumu: taasisi kama Royal Society humthibitisha mwanasayansi kwanza, kisha serikali hutoa viza. Aliyethibitishwa huweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3. Kwa hili Waingereza wako karibu zaidi na Mogadishu ya Ibn Battuta, kwani mwanazuoni anapimwa na wanazuoni.

Lakini pwani yetu inatoa onyo pia. Habib Saleh alitoka Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakumkubali, maana aliwafundisha watu wa tabaka la chini waliokuwa wamenyimwa elimu. Leo msikiti wake wa Riyadha ndio kitovu cha Maulidi ya Lamu. Kama angehitaji barua za wakubwa hao, asingepata hata moja. Elimu yake ilikuwa ya dini, lakini funzo linagusa maabara vilevile: waliokwisha kutambuliwa si waamuzi wazuri wa jambo jipya, na hesabu ya mara ambazo makala zimenukuliwa na wengine humpendelea anayeandika Kiingereza, katika fani yenye watafiti wengi, kuliko anayechunguza ugonjwa wa wakulima wachache.

Na sisi tuliorithi desturi ya kadhi na sultani? Nchini Tanzania, kibali cha tume ya sayansi, COSTECH, humruhusu mgeni kufanya utafiti. Nchini Kenya, kazi hiyo ni ya tume yake, NACOSTI. Ni vibali vya kutafiti, si vya kukaa. Sheria ya Kenya ya 2011 inampa nafasi ya ukaazi wa kudumu mgeni aliyekuwa na vibali vya kazi kwa angalau miaka 7, lakini hapo kinachohesabiwa ni miaka, haijalishi alifundisha nani au aligundua nini.

Tuchukue kutoka Marekani haki ya mtafiti kujiombea mwenyewe, kutoka Uingereza hukumu ya wataalamu, na tuongeze kigezo cha Lamu: wanafunzi aliowaacha wakijua zaidi. Mgeni aliyewafunza vijana wetu asifukuzie muhuri kila kibali kinapoisha.