Injini ya Kifaru na Udongo wa Kongwa



Wengi wenu mliuona mji wetu huu wa Lusail kwenye televisheni tarehe 18 Desemba 2022, siku Argentina ilipotwaa Kombe la Dunia kwa penalti mbele ya watazamaji 88,966. Sisi tuliotoka Tanga, Mombasa na Kampala tulikuwa tumekwisha kuujua kwa zege lake. Tunaomba leo tuzungumze habari ya zege hilo, na ya lori lililotugombanisha na mabwana wetu, kisha tuwarudishe nyumbani, hadi Kongwa ya 1947. Safari ni ndefu lakini njia ni moja.

Lori la zege hubeba pipa mgongoni, na pipa hilo halina ruhusa ya kusimama mpaka limwage mzigo wake. Likiwa njiani huzunguka mara chache tu kwa dakika, ilhali injini iliyo mbele inapiga mizunguko elfu moja na zaidi. Nguvu huchotwa kwenye injini kwa kifaa ambacho mafundi wote hukiita PTO, ikasukuma pampu ya haidroliki, pampu ikazungusha mota, na mota ikaingia katika giaboksi inayopunguza mwendo. Kila mwendo unapopungua, nguvu ya kusokota huongezeka kwa kadiri ile ile, ukitoa kile kidogo kinachopotea kwa joto.

Lori letu lilinunuliwa mkono wa pili, na PTO yake ilikuwa imefungwa ubavuni mwa giaboksi ya kuendeshea. Aliyefanya kazi hiyo hakuwaza foleni. Kila dereva alipokanyaga klachi, pipa lilisimama. Alipoachia, tani kadhaa za zege zilianza kuzunguka upya kwa kishindo. Meno ya gia huvumilia mzigo mzito wa taratibu kuliko mzigo mwepesi wa vishindo, ndiyo maana mchaguzi makini huzidisha hesabu yake mara moja na nusu, hata mara mbili, panapokuwa na mishtuko. Usiku mmoja wa Agosti meno yalikatika. Kwa joto la huku zege halingoji mtu. Wenzetu wawili waliingia ndani ya pipa na nyundo kulibandua, na dereva, kijana wa Tanga, akakatwa mshahara kwa “uzembe”.

Basi tukabishana Ijumaa nzima: kosa ni la nani? Wazee wa matrekta walikwisha kulijibu swali hili zamani. Kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuuza matrekta yenye PTO mwaka 1918, na mwaka 1927 wahandisi wa kilimo wa huko wakapatana juu ya kiwango kimoja, karibu mizunguko 540 kwa dakika, ili mashine ya huyu ifunge kwenye trekta ya yule. Lakini mkulima akikanyaga klachi, mashine ya kuvunia nayo ilikata roho, ikajaa majani na kukwama. Ilichukua miaka mingi kabla Cockshutt wa Kanada hawajatoa, mwishoni mwa miaka ya 1940, trekta ambayo PTO yake iliendelea kuzunguka hata magurudumu yakisimama.

Miaka hiyo hiyo Waingereza walikuwa Kongwa na mradi wao wa karanga. Mpango ulikuwa kulima ekari 3,210,000 za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa pauni milioni 25. Wataalamu walizunguka wiki chache mwaka 1946, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika ripoti. Baada ya vita matrekta mapya yalikuwa adimu, kwa hiyo wakakusanya makatapila chakavu ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino, na kiwanda cha Vickers kikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Fikirieni: kifaru kilichoundwa kukimbia hadi kilomita 40 kwa saa, na kazi inayotaka mwendo wa mzee anayetoka msikitini, kutwa nzima, kikivuta mizizi.

Hatusemi giaboksi peke yake ndiyo iliyoua mradi. Mvua nayo ilikuwa haba, na karakana zilikuwa duni. Lakini udongo wa Kongwa hukauka kiangazi ukawa kama saruji, na chembe zake husaga chuma. Kufikia miezi ya katikati ya 1947 matrekta mengi yalikuwa yamelala. Hesabu ilianzia London, kwa kuuliza ni injini gani zinapatikana. Ingeanzia kwenye ncha ya jembe: udongo huu unadai kuvutwa kwa nguvu kiasi gani, kwa mwendo gani, kwa saa ngapi? Wagogo walioulima kwa mkono wangejibu nusu ya maswali hayo bila ripoti yoyote. Januari 1951 mradi ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Miaka mingi baadaye tulikuwa bado tunasikia watu wakisema kwamba nchi yetu ndiyo iliyoshinda mashine, kana kwamba ardhi ndiyo iliyoitwa kwenye mkutano wa kuchagua.

Tulikusanya hoja hizi, tukachora mchoro wa klachi kwenye kipande cha boksi, tukampelekea msimamizi wetu. Hakukataa. Wiki tatu baadaye lori lilirudi kazini likiwa na PTO mpya, iliyofungwa nyuma ya injini, kabla ya klachi, na mpaka tunaandika haya halijasimamisha pipa hata mara moja. Mshahara haukurudishwa. Dereva alikuwa amekwisha kwenda zake Tanga.