Kioo cha Tabaka: Istilahi na Ushanga wa Samesame

Bibi mmoja wa hapa Lulindi, wilayani Masasi, aliyerithi kwa mama yake utunda wa shanga nyekundu, alinionyesha siku moja punje iliyopasuka, nikaona ndani ya wekundu ule weupe safi kama wa nyama ya nazi, naye, alipoona nimestaajabu, akaniambia, "Mjukuu wangu, ndivyo zilivyo zote: nje damu, ndani maziwa."

Shanga za namna hiyo ndizo wazee wetu walizoziita samesame. Msafiri Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alizieleza kuwa ni wekundu uliopakwa juu ya weupe, akaongeza kuwa zilikuwa na lakabu mbili, moja yenye maana ya kumaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa chakula chake azipate, na ya pili yenye maana ya kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozitamani hata kuwafilisi waume zao. Nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha za njiani zama zile Askofu Edward Steere alipotoka Lindi, mwaka 1876, na watu waliofunguliwa utumwani, akawaweka Masasi.

Sasa, wakusanyao vioo vya mapambo wanayo istilahi ya kioo kilichoundwa hivyo, rangi moja juu ya nyingine, nayo kwa Kiingereza imetokana na neno la kasha. Mfasiri mwenye haraka atasema "kioo cha kasha", nami siridhiki naye hata kidogo, kwa sababu kasha hufunguliwa na kilichomo kikatolewa, ilhali hapa fundi huchota kioo cha rangi moja kwa ufito wa chuma, akakichovya kingali moto katika kioo cha rangi ya pili, vikashikamana motoni hata visiweze kutengana ila kwa kuvunjika. Wengine wamependekeza "kioo cha kuvikwa"; lakini vazi nalo huvuliwa. "Kioo cha kiini" kingefaa sana kwa ushanga, na kwa hakika wakusanyaji wa Ulaya huziita samesame kwa jina la moyo mweupe, ila hakifai kwa chombo kilicho wazi ndani, kama vile vyombo vya maua vya Émile Gallé wa Nancy, ambaye alikwangua tabaka la juu, na pengine kulila kwa tindikali, mpaka maua yakajitokeza juu ya rangi ya chini. Kwa hiyo nachagua "kioo cha tabaka", neno ambalo Kiswahili kinalo tangu kale, ambalo msomaji hana haja ya kufafanuliwa, na ambalo laweza kubeba tabaka mbili, tatu au zaidi.

Na kwa nini fundi ajitaabishe kuunganisha rangi mbili? Wekundu mzuri wa kioo ulipatikana kwa dhahabu, na dhahabu ni ghali. Tena kioo chekundu kikiwa kinene huonekana cheusi, bali kikiwa chembamba juu ya weupe, mwanga hurudi na rangi ikawaka. Kazi yenyewe ina hatari, maana vioo viwili visipotanuka na kusinyaa kwa kadiri moja, chombo hupasuka kinapopoa. Mafundi wa Venezia, waliohamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291, waliyafahamu haya. Na katika kutengeneza shanga, bonge la kioo lenye uwazi kati lilishikwa na watu wawili ambao waliondoka kila mmoja upande wake kwa kasi, likavutika mpaka likawa uzi mrefu wenye tundu, kisha likakatwa vipande na kuviringwa motoni ili kingo zilainike.

Mwenye kutaka kuzichunguza asiridhike na wekundu wa nje, bali aielekeze punje kwenye jua na kuchungulia tunduni, kwani kiini kitajidhihirisha kwenye ukingo hata punje ikiwa nzima. Aliye na uwezo wa kusafiri atavikuta vioo vya aina hii katika makumbusho ya vioo ya Murano, yaliyoanzishwa mwaka 1861, na katika yale ya Corning, Marekani, yaliyofunguliwa mwaka 1951. Utunda wa bibi yule uko hapa hapa, na ile punje iliyopasuka ameifunga kwenye ncha ya kanga yake, hataki kuitupa.