Kijana wako transjenda akihitaji mshauri: pa kuanzia Dodoma

Kijana transjenda, yaani anayejiona wa jinsia tofauti na aliyozaliwa nayo, hana ugonjwa wa akili kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii kwenye magonjwa ya akili katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Kinachomuumiza ni hofu, kutengwa na kunyanyaswa, na haya yanaweza kuleta sonona.

Uanzie wapi?

Kama ana kadi ya NHIF, anzeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mapokezi huhitaji kueleza yote. Inatosha kusema hapati usingizi au ana huzuni ya muda mrefu. Omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Dodoma ipo Hospitali ya Mirembe. Jina lisikutishe: kwenda kliniki si kulazwa. Kwenye dirisha la bima uliza mapema: ushauri nasaha unalipiwa, au ni daktari na dawa tu?

Muulize mtaalamu

- Utaandika nini kwenye faili, na nani atalisoma?
- Umewahi kuhudumia vijana kama huyu?
- Utamsaidia aishi salama, au utajaribu kumbadilisha?

Anayeahidi kumbadilisha, mwache. Majaribio hayo huumiza.

Usisubiri rufaa

Akisema anataka kufa, au akijidhuru, mpeleke hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, mchana au usiku. Usimwache peke yake. Mwambie: "Mwanangu, niko nawe."