Maana Yake Nini? Sarufi ya Kiingereza na Usomaji wa Wachungaji katika Nyanda za Juu Kusini

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa walimu wa shule, yaani namna watu wa Nyanda za Juu Kusini walivyofundishwa sarufi ya Kiingereza na kusoma kwa ufahamu, na jinsi mafunzo hayo yalivyojenga usomaji wa wachungaji wetu. Tunaanzia Igowole, katika Wilaya ya Mufindi. Mji huo mdogo, ulio kwenye barabara itokayo Nyololo kuelekea nchi ya chai, haujulikani sana katika vitabu vya historia. Lakini pande zake zote imepita historia ambayo wanafunzi wetu wa theolojia wanaibeba bila kuijua.

Mtazame kijana wa sekondari wa Igowole anapojiandaa kwa mtihani. Nyumbani husema Kihehe au Kibena, sokoni na kanisani husema Kiswahili, na Kiingereza hukikuta ndani ya daftari. Hana mtu wa kumwamkia kwa lugha hiyo wala wa kugombana naye kwayo. Kwa hiyo hufanya mazoezi: hujaza mapengo, hugeuza sentensi ya kutenda iwe ya kutendwa, kisha husoma habari fupi na kujibu maswali matano au kumi chini yake. Katika kazi hii ya mwisho amejifunza ujanja ambao hakuna mwalimu aliyemfundisha waziwazi. Huchukua neno moja au mawili ya swali, huyatafuta katika habari, na akiisha kuyaona huinakili sentensi nzima kama jibu. Mara nyingi hupata alama. Habari yenyewe aweza asiifahamu hata kidogo.

Wako wanaosema huu ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Sisi hatukubali. Ujanja huo una historia ndefu, tena ni jibu la akili kwa mambo ambayo kijana huyo hakuyaanzisha.

Wamisionari wa Berlin na wale wa Moravian walipoingia kusini mwa nchi yetu mwaka 1891, Kiingereza hakikuwamo katika mashauri yao. Wengi wao walipendelea lugha za wenyeji kwa mahubiri na mafundisho, wakakitazama Kiswahili kwa mashaka kwa sababu ya uhusiano wake na pwani na Uislamu, ingawa serikali ya Kijerumani ilikitumia katika utawala. Aliyejifunza kusoma wakati huo alijifunza ili asome Neno na nyimbo. Shule ya kijiji na darasa la ubatizo vilikuwa karibu kitu kimoja, na mwalimu alikuwa yuleyule.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na katika miaka ya 1920 Waskoti wa Livingstonia walisaidia kutunza kazi yao kwa muda kabla hawajaruhusiwa kurudi. Waingereza sasa walikuwa watawala kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, na shauri lake kuu lilikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake: kilimo, afya, ufundi, na desturi za jamii. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaleta ruzuku kwa shule za misioni zilizokubali utaratibu wa serikali. Shule ndogo za vijijini, zilizofundisha kusoma na katekisimu tu, zilibaki nje ya ruzuku hiyo, na Kiingereza hakikuzifikia.

Hapa ndipo lazima tusimame kidogo Malangali, katika Mufindi hiyohiyo. Mwaka 1928 W. Bryant Mumford aliiongoza shule ya serikali mahali hapo kwa jaribio lililopata sifa hata Ulaya. Yeye alitaka shule ijengwe juu ya utamaduni wa kabila. Wanafunzi walivaa nguo za asili, wazee walialikwa kufundisha mila na habari za kale, na michezo ya wenyeji, kama kurusha mkuki, ilipewa nafasi yake katika ratiba. Mwaka 1930 Mumford aliandika habari za shule hiyo katika jarida la kitaalamu liitwalo Africa. Baadaye akaenda kufundisha London, na jaribio lake halikudumu.

Tumhukumu vipi mtu huyu? Haifai kumdhihaki. Alikuwa na heshima kwa desturi zetu kuliko wengi wa wakati wake, na baadhi ya yale aliyoyatetea tunayatetea sisi leo tunaposema juu ya utamadunisho wa Injili. Hata hivyo alikosea mahali pamoja palipo muhimu. Mila mtoto aliipata nyumbani, kwa babu na bibi, bila ada. Mzazi aliyemtoa mtoto wake katika kuchunga ng'ombe akampeleka shule alitaka apate kile ambacho nyumbani hakipo. Hicho kilikuwa ni uwezo wa kusoma barua ya Bwana Shauri, kuelewa hati ya kodi, na kujua lugha ambayo kwayo mambo ya nchi yaliamuliwa. Kumwambia mzazi huyo kwamba mkuki unamfaa mwanawe zaidi ya sarufi, na kumwambia hivyo kwa Kiingereza kizuri, ni jambo ambalo watu walilipima wenyewe. Tangu hapo Kiingereza kilionekana kuwa kitu kinachofichwa, na kila kinachofichwa hutamaniwa.

Mashamba ya chai yalizidisha tamaa hiyo kwa njia nyingine. Walowezi, wengi wao Wajerumani, waliyaanzisha kabla ya vita ya mwaka 1939, kisha sehemu kubwa ikaja chini ya kampuni ya Brooke Bond. Kiingereza cha shambani kilikuwa lugha ya meneja na daftari la mishahara. Mchuma chai alikisikia zaidi kama amri, naye aliyekijua kidogo aliweza kuwa karani, akakaa chini ya paa wakati wenzake wako kwenye mvua na ukungu wa Mufindi. Hii ni sababu ya kutosha ya kujifunza lugha. Ila lugha iliyotafutwa kwa ajili ya kiti cha karani hufundishwa kwa namna ya kiti cha karani: usahihi wa maandishi kwanza, mawazo baadaye, kama nafasi itapatikana.

Kwa wachache waliofika shule za kati, na kisha sekondari, mwisho wa safari ulikuwa mtihani uliotungwa na kusahihishwa Cambridge. Msahihishaji hakumwona mtahiniwa wala hakusikia sauti yake. Alichoweza kupima ni sentensi iliyo sahihi na jibu linalolingana na habari. Mwalimu mwenye busara alifundisha kile kilichopimwa. Tulipojitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na kuunda baraza letu mwaka 1973, mtihani ukawa wetu, lakini umbo la maswali halikubadilika sana.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuwa yale ya mwaka 1967. Baada ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki somo. Uamuzi huo tunauheshimu. Kwa huo taifa lilipata kusoma, na Kanisa likapata washarika wanaoweza kujisomea Biblia ya Union ya mwaka 1952. Taabu ilikuwa kwamba daraja halikujengwa. Mtoto alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akavuka na kukuta Kidato cha Kwanza, siku moja, kila kitu ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe na siasa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, mtu wa Njombe, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo igeukie Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1983 ikatangazwa kwamba haitakuwa hivyo. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba wengi hawawezi kujifunza lolote la maana kwa lugha hiyo. Hata hivyo walishauri iendelee, ila ifundishwe vizuri zaidi. Mwalimu Nyerere naye alipata kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia.

Lakini tuseme na mema yake. Mradi uliofuata kwa msaada wa Uingereza, kuanzia mwaka 1987, ulileta katika shule vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, kwa ngazi, ili mwanafunzi asome vingi kwa furaha bila kuulizwa maswali kila ukurasa. Wazo hilo lilikuwa la zamani. Michael West alilitetea huko Bengal katika miaka ya 1920, akisema kwamba katika nchi ambako watu hawakutani na wasemaji wa Kiingereza, kusoma kutangulie kusema. Kwa Igowole, hoja hiyo ina nguvu hata leo. Ila vitabu huchakaa, na miradi huisha. Sera ya mwaka 1995 ilithibitisha Kiingereza katika sekondari. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule katika kata nyingi, walimu na vitabu wakifuata nyuma kwa mwendo wa kinyonga. Sera ya mwaka 2014 ikaziruhusu lugha zote mbili.

Sasa turudi kwenye ule ujanja wa kunakili sentensi, kwa sababu sisi Walutheri tunao mfano wake karibu zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 swali ni lilelile daima: maana yake nini? Na jibu liko tayari chini yake. Mtoto wa kipaimara hulikariri, mzee wa kanisa hutikisa kichwa kwa kuridhika, na kazi imekwisha. Luther mwenyewe hakukusudia hivyo. Katika dibaji yake aliwaagiza wachungaji kwanza wafundishe maneno, bila kuyabadili, mpaka yashike. Kisha, na hili ndilo tunalolisahau, wafundishe maana, wakichukua muda wao. Hatua ya kwanza imefika Igowole. Je, ya pili? Mwanafunzi anayekuja kwetu chuoni amekwisha kusoma kwa namna hii mara mbili, kwa Kiswahili katika darasa la kipaimara na kwa Kiingereza katika darasa la ufahamu, na namna zote mbili zimempa cheti.

Chuo chetu cha kwanza cha pamoja cha theolojia kilianza Lwandai mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954, na lugha ya masomo ikawa Kiingereza kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza na walimu walitoka nchi mbalimbali. Luther, katika barua yake ya mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alidai kwamba Injili haiwezi kutunzwa bila kujifunza lugha. Alikuwa akifikiria Kigiriki na Kiebrania. Kwetu mtu huvifikia Kigiriki na Kiebrania kwa kupitia mlango wa Kiingereza, na mlango ukiwa umefungwa nusu, chumba cha ndani kina giza. Mfano: Kiswahili hakina kile kineno kidogo ambacho Kiingereza hukitanguliza mbele ya jina ili kuonyesha kwamba kitu kinajulikana. Mwanafunzi hukijaza katika mapengo kwa kubahatisha. Kisha anafika Yohana 1:1, na kitabu cha Kiingereza kinamweleza kwamba Kigiriki hakina kineno hicho mbele ya neno Mungu mwishoni mwa aya, na kwamba juu ya jambo hilo watu wamebishana kuhusu uungu wa Kristo. Anayebahatisha sarufi ya darasani atabahatisha na hapa. Mashahidi wa Yehova wanaopita nyumba kwa nyumba hawabahatishi, wamejiandaa.

Lakini isidhaniwe kwamba anayetoka Igowole huja mikono mitupu. Katika Luka 22:31-32 Yesu anasema na Simoni. Kwanza anazungumza juu ya wanafunzi wote waliotakwa na Shetani, kisha anamgeukia Petro peke yake na kumwambia kwamba amemwombea. Kiingereza cha leo kina neno moja tu kwa mtu mmoja na kwa wengi, kwa hiyo mfasiri wa Kiingereza huhitaji kuweka maelezo pembeni, na mwandishi wa kitabu cha ufafanuzi hutumia sentensi ngumu kadhaa kuonyesha mgeuko huo. Tumewaona wanafunzi wakihangaika na sentensi hizo, kamusi mkononi, jioni nzima. Biblia ya Kiswahili iliyofungwa pembeni mwao ilikuwa imekwisha kuwaambia, kwa ninyi na wewe, na bibi zao walilisikia jambo hilo kanisani kabla wao hawajazaliwa.