Kovu la Mama
Mnamo mwaka 1879, huko Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga akimpasua mama na kumtoa mtoto. Wote wawili wakaokoka. Lakini kovu hubaki. Mwaka 1916 Edwin Cragin wa New York alionya kwamba apasuliwaye mara moja hupasuliwa daima. Kwani siku zile tumbo la uzazi lilikatwa juu, na uchungu uliweza kulipasua kovu. Baadaye Munro Kerr wa Glasgow alieneza mkato wa chini, ulio imara zaidi.

Basi mama wa Kinanie aliyepasuliwa zamani, akitaka kungoja uchungu, na aulize kwanza: alikatwa wapi? Kisha angojee karibu na hospitali ipasuayo usiku na mchana. Kovu likifumuka, hapana wakati wa kutafuta gari.