Chumvi Isiyo na Molekuli

Wakemia wa karne ya 19 walikuwa na uhakika kuhusu chumvi ya mezani: sodiamu moja imeshikana na klorini moja, na jozi hiyo ndiyo molekuli. Svante Arrhenius wa Uswidi alianza kuutikisa uhakika huo. Tasnifu yake ya mwaka 1884 kuhusu umeme katika miyeyusho ilipewa alama hafifu Uppsala, lakini mwaka 1887 alitamka wazi kwamba chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika kuwa ioni, zenye chaji chanya na hasi. Mwaka 1903 alitunukiwa Nobel.

Je, chumvi ikiwa kavu?

Jibu lilitokana na eksirei. Mwaka 1912, huko Munich, Max von Laue na wenzake walipitisha miale hiyo kwenye fuwele, ikaacha madoa yenye mpangilio juu ya bamba la picha. Lawrence Bragg, kijana wa miaka 22 aliyekuwa Cambridge, alitambua kuwa madoa hayo ni miale iliyoakisiwa na matabaka ya atomu. Baba yake, William, alitengeneza Leeds chombo cha kupima miale hiyo, na mwaka 1913 muundo wa chumvi ukawa hadharani: kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, juu, chini, kushoto, kulia, mbele na nyuma, na kila klorini vivyo hivyo na sodiamu sita. Jozi haikuonekana popote.

Mwaka 1916, Walther Kossel alieleza kinachozishikilia atomu hizo pamoja. Sodiamu huachia elektroni moja, klorini huipokea, na chaji zinazopingana huvutana pande zote. Ndiyo maana chumvi haiyeyuki kwa joto mpaka lifike nyuzi 801 za Selsiasi. Lakini bonge la chumvi ya mawe likigongwa kwa patasi, hupasuka na kuacha nyuso bapa: tabaka likisogea kidogo tu, chanya hukutana na chanya, hasi na hasi, nazo husukumana.

Akina Bragg walipata Nobel mwaka 1915. Lawrence, mwenye miaka 25, alikuwa vitani. Mdogo wake Robert alikuwa amefariki Gallipoli mwaka huohuo.

Si wote waliokubali muundo huo wa chumvi. Mwaka 1927 Henry Armstrong, mkemia mkongwe wa Uingereza, alilalamika katika jarida la Nature kwamba mpangilio huo, unaofanana na ubao wa sataranji, unaidhalilisha kemia. Fomula NaCl aliyoitetea ingali vitabuni, ila sasa inataja uwiano tu: sodiamu moja kwa klorini moja, bila kusema ipi ni ya ipi.