Tundu la Pampu

Gari la baba lilikuwa linakunywa maji, na chini yake hakukuwa na tone. Ukijaza rejeta alfajiri pale Shelui, ukifika juu ya mlima Sekenke mshale wa joto umeshaingia kwenye nyekundu, na injini ikipoa ukifungua mfuniko unakuta lita mbili hazipo. Ukilaza boksi chini ya injini usiku kucha, asubuhi unalikuta kavu kama ulivyoliweka.

Ni Land Rover 109, Series III, aina iliyoundwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Baba aliiendesha kwanza kama dereva wa serikali, kisha akainunua mnadani ilipoondolewa kazini. Siku hizi kazi yake ni moja: kila mwezi inapanda Sekenke kumpeleka baba kliniki ya presha Singida mjini, pamoja na wazee watatu wa jirani. Mwaka juzi ilichemka katikati ya mlima na wazee wale wanne wakakaa pembeni ya barabara kwa saa tatu, malori yakiwapita. Jioni ile ndugu zangu walikubaliana kwa simu kwamba gari liuzwe kwa kilo, kama chuma chakavu, na baba apande basi kama watu wengine. Baba hakujibu. Mimi niliomba nipewe siku nne.

Si fundi kwa cheti. Nafundisha historia sekondari. Ufundi wangu ni ule wa mtoto aliyemshikia baba yake tochi miaka mingi hadi akajua spana namba ngapi itaombwa kabla haijaombwa.

Siku ya kwanza nilikosea. Niliona unyevu kwenye klipu ya mpira wa chini wa rejeta, nikafurahi, nikabadilisha mpira na klipu vyote viwili. Nikaendesha hadi miguuni mwa mlima na kurudi. Maji yalipungua vilevile. Unyevu nilioukuta ulikuwa mwisho wa safari ya maji, nami niliuchukulia kuwa mwanzo. Ni kosa ninalowasahihishia wanafunzi kila muhula: wanaona jambo limetokea mahali fulani, wanadhani limeanzia hapohapo.

Siku ya pili nilianza upya. Niliosha injini yote, nikaifuta hadi ikakauka. Nikachukua mfuniko wa rejeta wa zamani, nikautoboa, nikaufunga vali iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Injini ikiwa baridi kabisa, nikaanza kuujaza mfumo upepo kwa pampu ya baiskeli, taratibu, nikisikiliza. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwarobaini. Akasema, "Hapo nyuma ya feni, mama. Sikiliza hapo." Baba ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikaingiza kioo kidogo cha kujitazamia na tochi. Chini ya pampu ya maji kulikuwa na mstari mweupe, mgumu, kama ukoko wa uji ulioganda kwenye sufuria.

Ukoko ule ni wa kwetu. Maji ya visima vingi vya Singida yana madini mengi, floraidi ikiwamo, na maziwa mawili yaliyo kando ya mji, Singidani na Kindai, ni ya chumvi. Maji ya namna hiyo yakivuja kwenye chuma cha moto hukauka mara moja na kuacha chumvi pale yalipopita. Anayetafuta uvujaji kwenye gari kuukuu asitafute maji peke yake. Atafute weupe, kisha aufuate kwenda juu hadi unapoishia.

Kuna jambo jingine la kwetu. Mji wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kabla ya kufika 100. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta una springi: hushikilia presha ndani, na maji yaliyo chini ya presha huchelewa kuchemka. Mfumo unaovuja hupoteza maji na presha kwa pamoja. Nilipomweleza baba hivyo alicheka, akasema kumbe yeye na gari lake wanaumwa ugonjwa mmoja, ila mmoja imepanda na mwingine imeshuka.

Niliifungua pampu na kuiweka juu ya gunia. Pampu ya maji ni kifaa rahisi. Ina mhimili unaozungushwa na mkanda wa feni. Upande mmoja kuna beringi, upande mwingine kuna maji, na katikati kuna sili inayoyazuia maji yasiifikie beringi. Kati ya sili na beringi waliounda pampu huacha tundu dogo upande wa chini. Tundu hilo limewekwa makusudi ili livuje. Sili ikianza kuchoka, maji hutokea pale, hudondoka chini, na mwenye gari huona tone mapema, wiki kadhaa kabla beringi haijafa.

Tundu la pampu yetu lilikuwa limezibwa. Ndani yake mlikuwa na kijiti kilichochongwa vizuri, kimeviringishiwa utepe wa mpira wa tyubu, kikagongwa hadi kikalingana na chuma. Kwa hiyo sili ilipochoka, maji hayakupata njia ya kushuka. Yalijipenyeza kupitia kwenye beringi, yakatokea mbele, feni ikayapiga na kuyarusha nyuma juu ya injini ya moto kama manyunyu. Yalikauka kabla ya kugusa ardhi. Ndiyo maana boksi lilikuwa kavu.

"Baba, nani aliziba hapa?"

Akasogea na mkongojo wake, akachungulia. "Mimi."

"Ilipoanza kuvuja?"

"Hapana. Nilipoifunga ilikuwa mpya. Niliziba kabla hatujaiwasha."

"Kwa nini uzibe pampu mpya?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Ndivyo inavyofungwa, mama."

Jioni alinieleza. Mwaka 1981 alikuwa akisambaza chanjo katika vijiji vya Iramba. Pampu ikaanza kuvuja, ofisi ikaandika barua kuomba nyingine, na majibu hayakuja. Fundi mmoja akachonga kijiti. Gari likaendelea kwenda miezi minane, na chanjo zikafika. Pampu mpya ilipokuja hatimaye, fundi yuleyule alichonga kijiti kingine na kukigonga palepale mezani, ili tatizo lisirudi. Baba alikuwa akitazama. Pampu zilizofuata alizifunga mwenyewe, na kila moja aliiziba.

Miaka hiyo naifundisha darasani, kwa hiyo nilijua kinachozunguka kijiti kile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita vikatufikisha Kampala Aprili 1979. Mwaka huohuo bei ya mafuta ikapanda duniani. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini mikanda ilikaa imefungwa kwa miaka. Fedha za kigeni hazikutosha mafuta, dawa na vipuri kwa pamoja. Magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Mwaka 1983 ilikuja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na 1986, chini ya Rais Mwinyi, nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Vipuri vikaanza kurudi madukani, na miaka ya 1990 yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani.

"Wakati ule tulikuwa hatutengenezi gari," baba alisema. "Tulikuwa tunalifikisha."

Haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa pande hizi kuishi kwa kubuni. Dhahabu ya Sekenke, chini ya mlima uleule, iligunduliwa wakati wa Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja na meli za Uingereza zikaifunga bahari, sarafu zikaadimika katika koloni, na mwaka 1916 dhahabu hiyo ikageuzwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli huko Tabora, zenye picha ya tembo. Magari machache yaliyokuwapo yalitafutiwa mafuta yaliyotengenezwa kwa mbata. Vita vilipokwisha, sarafu zile zikawa kumbukumbu, na hakuna aliyeendelea kuendesha gari kwa mbata. Dharura ile ilikwenda na sababu yake.

Ya kwetu haikwenda. Nadhani ni kwa sababu ilidumu vya kutosha kulea kizazi. Kijana aliyeingia gereji 1979 akiwa na miaka 16 alikuwa na miaka 23 mwaka 1986. Katika muda wote wa kujifunza kazi huenda hakuwahi kuona pampu ikibadilishwa kwa wakati wake. Alichofundishwa kama dharura alikishika kama ufundi, naye akamfundisha mwingine, na yule wa tatu hakuambiwa kwamba kulikuwa na dharura.

Siku ya tatu nilianza kuona vijiti kila mahali. Nilifungua nyumba ya temostati, nikaikuta tupu. Temostati huzuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto, kisha hufunguka. Ikikwama ikiwa imefungwa, gari huchemka. Na asiyekuwa na nyingine huitoa na kuitupa. Ni uamuzi sahihi kwa safari moja. Lakini injini isiyo na temostati huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Ndani ya njia za maji nilikuta tope jekundu la kutu na magamba meupe, kwa kuwa gari hili halijawahi kuonja kulanti.

"Kulanti ni ya Ulaya," baba alisema. "Hapa kuna barafu gani?"

Hata hilo lina historia. Kiini cha kulanti, glaikoli, kilitengenezwa na mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katika miaka ya 1850, na katika miaka ya 1920 kikaanza kuuzwa Marekani kwa ajili ya magari, hasa ili maji yasigande wakati wa baridi. Kilisafiri duniani kwa jina la kizuia-barafu. Aliyekisikia kwa jina hilo Singida alikuwa na haki ya kukipuuza. Jina halikumwambia kwamba mchanganyiko ule pia huchelewa kuchemka kuliko maji matupu, na kwamba dawa zilizotiwa ndani yake huzuia kutu.

Nakiri kwamba usiku ule nilikaribia kumcheka baba moyoni. Kisha nikajikumbuka darasani. Nilisoma katika shule ambayo kitabu kimoja kilikuwa cha mwalimu, naye alijaza ubao notisi, sisi tukanakili hadi kengele. Leo vitabu vipo kabatini, vya kutosha wanafunzi wawili wawili, na bado naingia darasani na chaki na kujaza ubao. Hakuna aliyeniagiza. Ndivyo nilivyofundishwa.

Siku ya nne ilikuwa ya kufunga. Nilisafisha njia za maji kwa maji mengi hadi yakatoka meupe. Nikafunga pampu mpya na gasketi yake, tundu likiangalia chini, wazi. Nikarudisha temostati. Nikachanganya kulanti na maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, nusu kwa nusu, nikajaza taratibu ili hewa itoke, nikawasha, nikasubiri mpira wa juu upate moto, nikazima, ikapoa, nikaongeza kidogo. Baba alisimama karibu nami muda wote. Nilipomaliza aliinama, akaligusa lile tundu kwa kidole, lakini hakusema kitu.

Alfajiri tulipanda Sekenke na wazee wale watatu nyuma. Mshale ulipanda hadi katikati ukakaa pale, kona baada ya kona, hadi juu. Mzee mmoja aliuliza kama geji imekufa. Baba alikuwa ameketi kushoto kwangu na dumu la lita tano la maji katikati ya miguu yake. Sikumwambia aliache. Amelibeba dumu hilo kwa miaka zaidi ya arobaini, na mara nyingi lilikuwa ndilo lililowafikisha watu.

Ndugu zangu hawajalitaja tena neno kilo. Mimi nimerudi kazini, na wiki ya kwanza nilitoa vitabu kabatini, darasa likawa na kelele kuliko nilivyozoea. Baba kila asubuhi huchungulia chini ya pampu na kunitumia ujumbe wa neno moja: "Pakavu." Aliutuma hivyo kwa mwaka mzima na zaidi. Mwezi uliopita ulikuja mrefu kidogo: "Mama, leo limetoa tone moja. Sijaziba."

Niliagiza pampu siku hiyohiyo.